Mwanga Uliodhaniwa Kuwa wa Vijana

Mwezi uliopita nilikuwa Njombe mjini kwa siku mbili, nikishiriki mkutano uliojadili mipango ya maendeleo. Ilikuwa baridi ile wanayoijua wenyeji, ya kukaa ukumbini na koti na kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mtoa mada wa kwanza, kijana msomi na mwenye adabu, alituonyesha mchoro wa idadi ya watu kwa umri. Watu wa miaka 15 hadi 64 aliwaita nguvu kazi. Waliobaki, yaani watoto na wazee, aliwaita wategemezi. Kisha akaligawanya kundi la pili kwa la kwanza, akapata kile ambacho wachumi hukiita uwiano wa utegemezi.

Mama mmoja aliyekaa safu ya nyuma, amevaa sweta juu ya kitenge, akanyosha mkono.

“Mwanangu,” akasema, “mimi nina miaka 71. Nina ekari moja ya viazi, na nyumbani nina wajukuu wanne ambao mimi ndiye baba yao na ndiye mama yao. Hebu nionyeshe kwenye mchoro wako huo, mimi namtegemea nani?”

Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza. “Shikamoo mama,” akajibu mtoa mada. “Swali lako ni zuri. Ila hivi ni vigezo vya kitakwimu, vinatumika dunia nzima.” Alikuwa amesema kweli tupu, na mama alikaa bila kujibiwa.

Jioni ile nilisafiri kwenda Makambako, mwendo wa takriban kilomita 60, swali lile likiwa bado kichwani. Mimi hufundisha historia ya fikra, na lilinikumbusha kisa kimoja katika historia ya elimu ya nyota. Ni kisa cha mwanga uliogunduliwa mahali ambapo haukutarajiwa, ukahesabiwa na wengi kuwa wa vijana, na ikachukua miaka 30 kuthibitisha kwamba kwa sehemu kubwa ulikuwa wa wazee. Namwomba msomaji anifuate mbali kidogo na Njombe, kwa ahadi kwamba nitamrudisha.

Kanuni ya rangi na umri

Kisa kinaanza na kanuni ambayo haina kosa ndani yake. Mkaa unaowaka taratibu huwa mwekundu. Moto wa mchomeleaji vyuma, kama wale wanaofanya kazi kando ya barabara kuu pale Makambako, ni mweupe wa kuelekea bluu. Kadiri kitu kinavyozidi joto ndivyo mwanga wake unavyosogea kutoka wekundu kwenda bluu. Nyota nazo ni hivyo hivyo. Uso wa jua letu una joto la karibu nyuzi 5,500, nalo ni nyota ya wastani. Zipo nyota nzito zaidi, zenye joto la nyuzi 20,000, 30,000 na kupita, ambazo hung’aa kwa bluu.

Nyota nzito haidumu. Ina kuni nyingi lakini inazichoma kwa pupa, na katika miaka milioni chache au makumi ya mamilioni imekwisha. Nyota nyepesi kama jua hutumia kuni zake kwa uangalifu ikaishi miaka bilioni 10. Kutokana na hayo wanaastronomia walipata kanuni ifaayo sana: ukiona mahali pana mwanga wa bluu, ujue kuna nyota zilizozaliwa juzi. Bluu ni ujana, wekundu ni uzee.

Mwaka 1926 Edwin Hubble aliziainisha galaksi, yaani zile jamii kubwa za nyota mabilioni kwa mabilioni, kwa maumbo yake. Zipo zenye mikono iliyojizungusha kama maji yanayonyonywa na mfereji. Na zipo zisizo na mikono wala madoido, zilizo laini kama yai. Hizi za pili ndizo galaksi duaradufu. Zina gesi baridi kidogo na vumbi haba, na bila gesi hakuna kuzaliwa kwa nyota mpya.

Ushahidi mwingine ulikuja wakati wa vita. Walter Baade alikuwa Mjerumani aliyefanya kazi katika kituo cha Mount Wilson huko California. Kwa kuwa alikuwa raia wa taifa adui, hakuruhusiwa kushiriki utafiti wa kijeshi kama wenzake, akabaki mlimani na darubini. Mji wa Los Angeles ulio chini ya mlima huo ulikuwa umezimwa taa kwa kuhofia mashambulizi, na anga lilikuwa jeusi kuliko lilivyopata kuwa kwa miaka mingi. Katika giza hilo Baade alifanikiwa kuzitenganisha nyota mojamoja katika kitovu cha galaksi ya Andromeda na katika galaksi ndogo mbili zinazoandamana nayo, mojawapo ikiitwa M32. Alichapisha matokeo mwaka 1944. Nyota zilizong’aa kuliko zote katika maeneo hayo hazikuwa za bluu, zilikuwa nyekundu. Akapendekeza kwamba kuna jamii mbili za nyota, na baadaye ikafahamika kwamba jamii ile nyekundu ilikuwa ya kale.

Naomba jina la M32 likumbukwe, maana tutalikuta tena mwishoni.

Tangu hapo sura ya galaksi duaradufu ikatulia vitabuni. Ni galaksi za wazee: zilifanya kazi yake zamani, zikaishiwa gesi, na sasa zinafifia polepole katika wekundu. Baadhi ya waandishi walizoea kuziita zilizokufa.

Mwanga usiofika ardhini

Tatizo ni kwamba sura hiyo ilitokana na mwanga uonekanao tu. Zaidi ya urujuani, rangi ya mwisho ambayo macho yetu huiona, kuna mwanga wa mawimbi mafupi zaidi uitwao urujuanimno. Sehemu yake ndogo hufika ardhini, na katika nyanda za juu kama Njombe, ambako hewa ni nyembamba, hufika kwa wingi kidogo zaidi. Ndio unaochoma ngozi. Nchini mwetu watu wenye ualbino wanaujua vizuri kuliko mwanafizikia yeyote, maana wameulipia kwa ngozi zao. Lakini mawimbi mafupi zaidi ya nanomita 300 hivi huzuiwa na tabaka la ozoni. Ni bahati kwa viumbe wote, ila ni kipofu kwa mtazamaji wa nyota. Anayetaka kuuona mwanga huo hana budi kupeleka darubini juu ya hewa.

Marekani ilijaribu mwaka 1966 kwa setilaiti ambayo iliharibika baada ya siku chache tu. Ya pili, iliyoitwa OAO-2, ilirushwa tarehe 7 Desemba 1968. Miongoni mwa ala zake zilikuwamo darubini za Chuo Kikuu cha Wisconsin chini ya Arthur Code. Walipozielekeza kwenye kitovu cha Andromeda, ambacho kwa nyota zake hufanana na galaksi duaradufu, walitarajia giza. Nyota nyekundu hutoa urujuanimno kidogo sana, na hesabu ilionyesha kwamba kadiri mawimbi yanavyokuwa mafupi ndivyo mwanga ungepungua hadi kutoweka. Mwanga ulipungua kweli, kama ilivyotarajiwa. Kisha, chini ya nanomita 200 hivi, ukaanza kupanda tena. Code alitangaza hilo mwaka 1969.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza sisi tulikuwa wapi. Asubuhi nilipoamka Makambako nilitembea hadi stesheni ya TAZARA, na jibu moja lipo pale. Ujenzi wa reli hiyo ulizinduliwa Oktoba 1970, baada ya Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi kuamua kwamba haina faida na China kukubali kuikopesha fedha bila riba. Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa ile ya kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako, milima, mito na matope, madaraja na mahandaki. Tulikuwa tunachimba mlima.

Jibu la pili lipo pwani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, mali ya Waitalia, lililosimikwa baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, aliiita Uhuru. Haikuchunguza urujuanimno bali eksirei, mwanga mwingine unaozuiwa na hewa, nayo ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Bahari ilikuwa yetu, na jina lilikuwa letu; ala, takwimu na maswali vilikuwa vya wengine. Silaumu, kwa kuwa elimu ile ni mali ya wanadamu wote. Nasema tu kwamba mwenye ala ndiye anayeamua nini kihesabiwe, na asiye na ala hupokea vigezo vinavyotumika dunia nzima.

Mwanga ni wa nani?

Turudi kwenye urujuanimno wa Andromeda. Ulikuwa wa nani? Kwa kanuni ya rangi na umri jibu lilikuwa jepesi: kuna vijana. Ijapokuwa galaksi hizi zinaonekana kuishiwa, pengine bado zina kigesi kidogo ambacho kinazaa nyota chache nzito, na hizo chache zinatosha kutoa mwanga ule wote. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Nyota moja nzito hung’aa kuliko maelfu ya nyota kama jua, na katika jumla kubwa wachache wa namna hiyo wanaweza kujificha kwa urahisi.

Ugumu wenyewe ulikuwa hapo kwenye jumla. Galaksi duaradufu nyingi ziko mbali mno kiasi kwamba darubini haioni nyota. Inaona ukungu mmoja wa mwanga, jumla ya mabilioni. Ukipewa jumla huwezi kusema nani alichangia nini. Unaweza tu kutunga mchanganyiko wa wachangiaji na kuangalia kama ukijumlishwa unafanana na ulichopewa. Na michanganyiko inayofanana na jumla moja ni mingi. Waliotunga mchanganyiko wa vijana walipata jumla iliyokubalika. Waliotunga mchanganyiko wa wazee wa aina fulani nao walipata.

Ilihitajika dalili nyingine, nazo zilikuja kidogokidogo. Setilaiti IUE, iliyorushwa Januari 1978 na kufanya kazi hadi 1996, ilipima galaksi moja baada ya nyingine. Mwaka 1988 David Burstein na wenzake walikusanya vipimo vya galaksi 32 na kuonyesha jambo la ajabu: urujuanimno ulikuwa na nguvu zaidi katika galaksi zile zenye wingi wa elementi nzito kama magnesi. Galaksi kubwa kabisa, zilizo nyekundu kabisa katika mwanga wa kawaida, ndizo zilizozidi kutoa mwanga huu wa moto. Kama mwanga ungekuwa wa vijana waliozaliwa kwa bahati hapa na pale, kwa nini ufuate kwa utii namna hiyo tabia ya nyota za kale?

Kisha Desemba 1990 chombo cha anga cha Columbia kilibeba darubini iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, iliyoweza kuona mawimbi mafupi zaidi ya yale ya IUE. Ilielekezwa kwenye galaksi duaradufu kubwa iitwayo NGC 1399. Hoja ilikuwa rahisi. Kama ni nyota changa nzito, lazima ziwemo za moto mkali sana, na mwanga uzidi kupanda kadiri mawimbi yanavyozidi kuwa mafupi. Haukupanda. Karibu na ukingo wa mwisho ulishuka, ukionyesha kwamba nyota nyingi zinazoutoa zina joto lisilozidi nyuzi 25,000 hivi. Ni moto mkali, lakini si ule wa nyota changa kabisa.

Mzee anapataje joto hilo?

Basi kama ni wazee, inawezekanaje nyota ya kale iwe na joto mara nne ya jua? Jibu lipo katika maisha ya nyota ya kawaida, na ni sehemu ya kisa hiki inayonigusa kuliko zote.

Nyota kama jua huchoma hidrojeni katika kiini chake kwa miaka mabilioni. Hidrojeni ya kiini inapokwisha, nyota huvimba, uso wake hupoa, ikawa jitu jekundu. Katika kuvimba huko upepo wake mwenyewe huanza kuipeperusha, na tabaka zake za nje huondoka angani. Hatimaye kiini, ambacho sasa ni heli tupu, hupata joto la kutosha kuwasha heli hiyo, na nyota huanza maisha ya pili.

Maisha hayo ya pili yatafananaje? Inategemea kiasi cha vazi lililobaki. Nyota iliyobaki na tabaka nene la hidrojeni hukaa katika wekundu au umanjano, kama wazee wengi. Lakini ile iliyopoteza karibu kila kitu, ikabaki na uzito wa nusu ya jua na ngozi nyembamba tu ya hidrojeni, kiini chake cha moto hukaribia kuwa wazi. Uso wake hupanda hadi nyuzi 20,000 au 30,000, na kwa muda wa karibu miaka milioni 100 hutoa urujuanimno kwa wingi. Kisha huzima taratibu na kuwa kibete cheupe.

Kwa nini nyota fulani ipoteze kiasi hicho na jirani yake isipoteze? Hapo mjadala haujafungwa. Wapo wanaoitazama heli na elementi nzito alizozaliwa nazo nyota. Wapo wanaotazama ujirani: katika galaksi yetu imeonekana kwamba nyingi kati ya nyota za namna hii zina mwenzi wa karibu sana, na mwenzi huyo ndiye aliyezivua vazi. Mwaka 2007 Zhanwen Han na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba jozi za namna hiyo zinaweza kueleza sehemu kubwa ya mwanga. Lakini kuhusu wenye mwanga wenyewe, mashaka yalikuwa yamepungua sana.

Yaliyoyapunguza yalikuwa kuacha jumla na kuhesabu mmojammoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Thomas Brown na wenzake waliielekeza darubini ya anga ya Hubble kwenye M32, galaksi ileile ya Baade, iliyo umbali wa miaka ya nuru karibu milioni 2.5. Baade katika giza la vita alikuwa amezitenganisha nyota nyekundu. Hubble, kwa kamera ya urujuanimno, ilizitenganisha zile za moto: nyota za bluu zipatazo 8,000, kila moja nukta yake. Mng’ao na joto lake havikuwa vya nyota changa. Vilikuwa vya wazee wanaochoma heli, waliobaki na ngozi. M32 ni ndogo, na urujuanimno wake ni dhaifu kuliko wa yale majitu ya mbali, kwa hiyo haikumaliza kila swali. Lakini watu walikuwa wamewaona wenyewe kwa macho ya ala, na hilo halikuwa limewahi kutokea.

Haki inataka niongeze jambo moja. Setilaiti GALEX, iliyorushwa Aprili 2003, ilipima urujuanimno wa galaksi nyingi mno, na ikaonyesha kwamba sehemu isiyo ndogo ya galaksi duaradufu ina nyota changa kiasi, matokeo ya gesi iliyoingia hivi karibuni. Kwa hiyo wale wa hoja ya ujana hawakuwa wamekosa kila mahali. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba rangi peke yake inatosha kumtaja mwenye mwanga. Na angekosea vilevile ambaye leo, kwa kushangilia ushindi wa wazee, angekataa kuwaona vijana walipo.

Kurudi Njombe

Sasa nimtimizie msomaji ahadi.

Njombe ni mkoa wa viazi, mahindi, chai, mbao na sasa maparachichi. Kwa jumla ya mavuno ni mkoa unaolisha wengine. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu nusu ya watoto wa Njombe wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Huo ndio mwanga wa jumla: ukiupima kwa tani za viazi unapata galaksi inayong’aa, na hujui ni nani ndani yake anayelala na njaa ya protini. Watafiti na wahudumu wa afya wamekuwa wakitaja mlo usio na mchanganyiko, na walezi waliolemewa na kazi za shamba hata wasiweze kumlisha mtoto inavyopasa. Lakini mlezi ni nani?

Hapo inafaa kuitazama takwimu nyingine. Utafiti wa mwaka 2022–2023 ulikuta maambukizi ya Virusi vya UKIMWI kwa watu wazima wa Njombe ni asilimia 12.7, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Kabla dawa hazijaenea, nyumba nyingi katika wilaya hizi zilipoteza watu wa katikati, yaani hao hao wa miaka 15 hadi 64, na waliobaki walikuwa bibi, babu na wajukuu. Dawa zimeokoa wengi, Mungu ashukuriwe, na leo wapo waliohama kwenda mijini kutafuta riziki huku watoto wakibaki kijijini. Mazoea yamebaki: bibi analima, bibi anapika, bibi anakwenda kikao cha shule. Kisha tunachora mchoro, tunaona kazi imefanyika, na kwa kuwa tunajua kwamba kazi ni ya vijana, tunaiandika kwa jina la vijana.

Sitaki mfano wangu ueleweke vibaya. Simaanishi kwamba kuvuliwa kila kitu ni jambo jema kwa sababu aliyevuliwa hung’aa. Nyota ile ya moto haikuchagua kupoteza vazi lake, na mng’ao wake ni wa muda. Inachoma kilichobaki, na baada yake ni kibete cheupe. Mwenye kumsifu bibi kwa ushujaa wa kulea wajukuu wanne bila msaada, kisha akaenda zake, amefanya jambo baya kuliko kutomwona. Amemwona, akamwacha.

Wala sisemi kwamba uwiano wa utegemezi ufutwe. Ni kanuni yenye matumizi yake, kama ile ya rangi na umri, ambayo wanaastronomia wanaitumia hadi leo. Wao hawakuitupa, waliacha kuitumia kama jibu la swali ambalo haliwezi kulijibu. Ukitaka kujua nani anatoa mwanga, jumla na kanuni havitoshi. Itabidi utenganishe nukta moja na nyingine, na hilo ni ghali, linachosha, na linahitaji ala.

Ala zetu si za kurushwa angani. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu mwaka 2003. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kulipa pensheni kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, fedha ndogo, lakini kwa kuilipa ilibidi wazee wahesabiwe kwa majina. Huku Bara pensheni ya namna hiyo kwa wote haijawapo. Mkulima wa viazi hana siku ya kustaafu wala barua ya kustaafu, na anapotimiza 65 kitu pekee kinachobadilika ni safu aliyowekwa kwenye mchoro. Afisa mipango wa halmashauri anaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji bajeti mpya: katika kila orodha ya kaya, pamoja na jina la mkuu wa kaya, aandike ni nani anayelima, ni nani anayelisha watoto, na umri wake. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu anaweza kuchukua kijiji kimoja kati ya Njombe na Makambako akahesabu nyumba kwa nyumba. Mwanaharakati anayetetea lishe ya watoto anaweza kuuliza kama mafunzo ya lishe anayoyaandaa yanamwita mama kijana peke yake, wakati kijiko kimeshikwa na bibi.

Kutoka 1969, mwanga ulipoonekana, hadi nyota za M32 zilipohesabiwa, ilipita miaka 30, na hakuna aliyeumia kwa kuchelewa huko. Nyota za M32 zilikuwa na muda wa kungoja. Mama yule wa safu ya nyuma ana miaka 71, mdogo wa wajukuu wake pengine hajaanza shule, na msimu wa kupanda viazi hauko mbali. Nilipotoka ukumbini nilimkuta nje akingojea usafiri, nikamwamkia, naye akaitikia. Nikamwambia swali lake lilikuwa zito.

“Sikuuliza ili liwe zito, baba,” akasema. “Niliuliza ili nijibiwe.”